Kumzuia au Kujizuia?

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe, umo mwongozo wa walimu na wauguzi juu ya tiba ya watoto wenye maradhi ya fikra na vitendo vya kujirudiarudia. Mfasiri ni hodari na Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo, istilahi mbili zimetutia mashaka.

Kwanza, maradhi yenyewe ameyaita "wasiwasi". Neno hili lina haki yake, kwani Waislamu hulitumia kwa mtu arudiaye udhu kwa kushuku kwamba haukutimia. Lakini hata mwanafunzi angojaye matokeo ya mtihani ana wasiwasi. Kiarabu cha kitabibu huliongezea neno hilo sifa yenye maana ya kulazimisha. Nasi twapendekeza "wasiwasi shurutishi".

Pili, na hili ndilo kubwa, tiba ameiita "kumkabilisha mtoto na hofu na kumzuia". Istilahi hiyo ingefaa zamani. Victor Meyer alipochapisha habari za tiba hii Uingereza mwaka 1966, wagonjwa wake wawili walikuwa watu wazima, na wauguzi ndio waliowazuia. Hata maji ya bomba yalifungwa. Tiba ya watoto siku hizi si hivyo. Mtoto na tabibu hupanga pamoja ngazi ya hofu, wakianzia iliyo nyepesi. Mtoto hushika kitasa cha mlango, kisha mwenyewe hukaa bila kunawa mpaka hofu ipungue. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, watoto 112 wa miaka 7 hadi 17 waligawanywa katika makundi manne. Waliokaribia kupona kabisa walikuwa kama 39 kwa 100 kwa tiba ya mazungumzo na mazoezi ya namna hii peke yake, 54 ilipoambatana na dawa ya sertralini, na 4 tu kwa dawa bandia.

Sasa mwalimu asomaye "kumzuia" atafanya nini? Atamshika mtoto mikono mbele ya wenziwe. Hiyo si tiba, ni adhabu. Twapendekeza "kukabili na kujizuia". Huenda mtu akasema mtoto mdogo hawezi kujizuia. Basi na iandikwe "kumsaidia ajizuie". Kiambishi -ji- ni kidogo, lakini ndicho kimwonyeshacho msomaji nani mtenda. Tunangoja maoni ya wasomaji.