Nani alimwambia mama asilie?

Kila mara tunapoandika juu ya desturi za kuzaa, tunasifu tu: mama alizaa nyumbani, mama yake na wazee wanawake wakimzunguka, akapewa uji wa moto. Ni kweli. Lakini ni nusu ya habari. Nusu ingine tunaificha kama sahani yenye kupasuka siku ya wageni.

Nusu ile ni maungamo. Katika makabila yetu mengi, uchungu ukikawia, wazee waligeuka waamuzi: « Taja jina lake! » Mtoto hatoki sababu mama alitoka inje ya ndoa. Kwa Baluba wa Kasaï iko tshibawu: uzinzi wa bibi uliofichwa unaweza kuleta kifo kwa bwana ao kwa watoto. Wenye kutetea wanasema kuungama kunapunguza mzigo wa roho. Sikubali. Mzigo gani unapunguzwa kwa mtu anayehojiwa katikati ya maumivu, asiye na pa kukimbilia? Nyonga ikiwa nyembamba, ao mtoto akilala vibaya, jina la mwanaume halifungui njia. Saa zinapita, mtoto anakufa, mama anaweza kubaki na fistula, mkojo ukitoka bila kukoma. Asipotaja mtu, wanasema alificha. Akitaja, ndoa imekwisha.

Sasa tuingie materniti. Mara ngapi tumesikia: « Siku ile ulikuwa unafanya mimba, ulilia? Nyamaza, sukuma! » Tunasema ni ukali wa wazungu, ao ni mshahara mdogo. Mshahara ni mdogo kweli, hata sisi walimu tunajua. Lakini mimi nasikia mule sauti ya wazee wale wale: kesi ni ile ile, imevaa tu nguo nyeupe ya kazi.

Na kile kizuri cha nyumbani, yaani mtu wa kumshika mkono, kimeachwa mlangoni. Mama yake anakaa inje juu ya kitenge, na termosi ya chai. Kuchuchumaa kumekatazwa, alale mgongoni. Lakini OMS, katika mashauri yake ya 2018, inapendekeza mama awe na mwenzake aliyemchagua mwenyewe, na akae namna anayopenda. Kwa hilo bankambo hawakungoja Genève.

Tena kuna deni: materniti nyingi zimezuia mama na mtoto mchanga mpaka lilipwe. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo ulianza Kinshasa Septemba 2023, ukafika majimbo mengine. Ni vizuri, lakini pesa haimfundishi mtu kuongea.

Basi, neno kwa kikundi chetu cha michezo. Kila tunapocheza mchezo wa kuzaa, mzalishaji mkali njo anayechekesha watu, na wanaume wanacheka zaidi. Naomba mchezo ule uandikwe upya: mama yake aingie chumbani, na mtu asimwulize jina.