Jenereta Imelala, Dizeli Haijalala

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, uliingia kwenye gridi, na mgao wa umeme uliowatesa wafanyabiashara tangu mwishoni mwa 2023 ukaanza kulegea. Mwaka uliofuata mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, jumla megawati 2,115. Huku Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, jenereta zilizokuwa zikinguruma kutwa zikanyamaza. Zimebaki pale pale nyuma ya maduka, na matangi yake bado yana mafuta. Umeme ukikatika ghafla leo, jenereta inawaka, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Mwenye duka analaumu betri, au fundi aliyeifanyia sevisi, kumbe tatizo liko ndani ya tangi.

Ukitaka kuijua hali ya dizeli iliyokaa, usichote juu. Fungua plagi ya chini ya tangi, kinga kwenye chupa angavu ya maji ya kunywa, uiache itulie nusu saa. Dizeli nzima inang'aa na unaona hadi upande wa pili. Iliyoharibika hujigawa matabaka matatu: juu mafuta yenye ukungu, chini maji, na katikati utando mweusi au wa kahawia unaoteleza kama kamasi. Mara nyingine inanuka yai viza.

Utando huo ni viumbe hai. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutuama chini, na bakteria na kuvu huishi kwenye maji hayo huku wakila mafuta yaliyo juu yao. Kuvu mmoja maarufu, Hormoconis resinae, ameshawasumbua hata wenye ndege, kwa sababu mafuta ya ndege ni jamii ya mafuta ya taa, na yeye huyala kwa raha zake. Tindikali wanazotoa zinakula chuma cha tangi, na mabaki yao yanaziba chujio. Joto wanalolipenda ni nyuzi 25 hadi 35, yaani hali ya kawaida ya Dar es Salaam. Wazungu wanaoegesha magari yao ya kulala majira ya baridi huhofia dizeli kuganda. Sisi hatuna hofu hiyo, lakini hatuna pia baridi ya kuwapunguza kasi wadudu hawa.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Sehemu huingia na hewa yenye unyevu kupitia tundu la kupumulia la tangi. Lakini kwa maoni yangu mkosaji mkubwa mjini ni pipa la akiba lililosimamishwa nje. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu ya mfuniko, ndani ya ukingo wa pipa. Mchana pipa linapata joto na hewa ya ndani inatanuka, ikitoka kidogo kidogo pembeni ya kizibo. Usiku linapoa, hewa inasinyaa, na pipa linavuta ndani kile kilicho juu ya kizibo: maji. Kizibo kinaweza kuonekana kimekazwa vizuri kabisa na bado likavuta. Pipa lilazwe ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Kama lazima lisimame, liinamishwe na kufunikwa.

Sasa tuje kwenye desturi ya kuwasha jenereta dakika kumi kila wiki, ikiwa haina mzigo, ili "isilale." Piga hesabu. Jenereta ya kVA 100 isiyo na mzigo hula lita nne au tano kwa saa. Dakika kumi kwa wiki haimalizi lita moja. Mwaka mzima haufiki lita 50. Tangi la lita 200 litahitaji zaidi ya miaka minne kuisha, ilhali makadirio ya kawaida ya uhai wa dizeli ni mwaka mmoja kwenye nyuzi 20, na miezi sita hadi kumi na miwili joto likizidi nyuzi 30. Zaidi ya hapo, mafuta yasiyochomwa hurudi tangini yakiwa na joto, na joto huharakisha kuzeeka kwake hadi yawe na gundi inayong'ang'ania kwenye nozeli. Afadhali iwashwe mara moja kwa mwezi kwa nusu saa au zaidi, ikibeba mzigo wa kweli: mafriji, taa, viyoyozi.

Dawa za kuua wadudu wa dizeli zipo na zinafanya kazi, ila mizoga yao haiyeyuki. Ukimwaga dawa kwenye tangi chafu, unahamishia tatizo kwenye chujio. Toa maji na uchafu kwanza, osha tangi, ndipo utie dawa. Epuka pia tangi la mabati na bomba la shaba, maana zinki na shaba huharakisha uozo. Na wanaoshauri kuongeza mafuta ya taa ili kuichangamsha dizeli kuukuu wapuuzwe: yanapunguza ulainishaji ambao pampu inautegemea. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haikuanza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa mwaka 2010 bure. Mchanganyiko huo umeshaua injini nyingi nchini.

Limebaki swali la kujaza tangi. Ushauri wa kujaza hadi juu ili hewa isipate nafasi ni sahihi kwa mtu atakayeyatumia mafuta hayo. Kwa jenereta inayofanya kazi saa chache kwa mwaka, ni kuhifadhi uozo. Tena mtaa ulioshuhudia Soko Kuu la Kariakoo likiungua Julai 2021 hauhitaji mapipa ya mafuta chini ya ngazi. Weka yanayotosha siku moja au mbili za kazi, toa maji chini ya tangi kila mwezi, na kila baada ya miezi sita yahamishie yaliyobaki, yakiwa bado safi, kwenye Fuso au Canter inayobeba mzigo wako, kupitia chujio. Kisha nunua mapya.