Hadithi za Kiajabu na Soko la Miswada ya Kiswahili

Ngano na tenzi za Kiswahili zimejaa majini, mazimwi na safari za mbinguni, na bado lugha hii haina mfululizo wa riwaya za kiajabu kama ilivyo na mfululizo wa riwaya za upelelezi. Sababu hutafutwa kwa kawaida katika utamaduni: husemwa kwamba msomaji wa Afrika Mashariki hupendelea mambo ya jamii yake, au kwamba sayansi ingali ngeni katika lugha. Jibu hilo halitoshi. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka 1951, na nchi yake imetundikwa angani; katika Adili na Nduguze, iliyofuata, ndugu wawili wanageuzwa manyani. Kipaji kilikuwapo, na wasomaji walikuwapo. Pengo limo katika njia ambayo mswada huipita kutoka kwa mwandishi hadi kwa mchapishaji, na katika habari ambazo mwandishi huzipata, au huzikosa, kuhusu njia hiyo.

Istilahi yenyewe haijatulia. Wapo wasemao fantasia, wapo wasemao uhalisia-mazingaombwe, na wapo wanaotenga hadithi za kisayansi peke yake. Ilhali Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hutiwa katika fungu la ‘riwaya mpya’ au ‘riwaya ya majaribio’. Hapa ‘hadithi ya kiajabu’ ichukuliwe kuwa ni kila bunilizi ambayo ulimwengu wake unakiuka kwa makusudi kanuni za ulimwengu wa kila siku. Kukosekana kwa jina moja si jambo dogo. Mhariri hawezi kutangaza kwamba anatafuta kitu kisicho na jina, na mwandishi hawezi kupeleka kitu ambacho hakuna aliyekitangaza.

Historia ya riwaya ya upelelezi inalithibitisha jambo hili. Katika 1957-58 East African Literature Bureau iliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Tuzo ya kwanza ilimwendea Muhammed Said Abdulla kwa Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ikachapishwa 1960. Bwana Msa akazaliwa, akaendelea katika vitabu vingine vya mwandishi huyo huyo, na mwaka 1965 shirika lilo hilo likatoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Kilichofanya kazi hapo ni tangazo, tarehe ya mwisho, anwani ya kupeleka mswada, na mchapishaji aliyekuwa tayari kumpokea wa pili baada ya wa kwanza. (Ni kinaya cha namna yake kwamba riwaya hiyo ya mwanzo inabeba mzimu katika jina lake, kisha akili ya Bwana Msa inaufukuza mzimu na kumweka mhalifu mahali pake. Ajabu iliruhusiwa kuingia kwa sharti la kukanushwa.) Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 shirika hilo nalo lilikwisha, na Kenya Literature Bureau iliyoundwa 1980 imejishughulisha zaidi na vitabu vya shule.

Marekani inafaa kulinganishwa hapa, kwa kuwa huko utanzu huu ulikuzwa hadharani na hatua zake zinaonekana. Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories mwezi Aprili 1926, jarida la bei nafuu la hadithi za kisayansi, muda si mrefu alianza kuchapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaandikiana, wakaunda vyama, na baadhi yao wakageuka waandishi na wahariri. Mwaka 1965 waandishi waliunda chama chao cha kutetea malipo na mikataba. Mwaka 1968 Charles N. Brown na wenzake wakaanza Locus, jarida la habari za kazi hiyo: nani ameuza mswada na kwa nani, mhariri gani amehama, kitabu gani kinakuja. Mtu aliyeishi mbali na New York aliweza kujua hayo bila kufahamiana na yeyote.

Nchini Kenya soko kubwa la mwandishi wa Kiswahili ni moja tu, nalo ni shule. Mchapishaji hutazama mtaala kwanza, na mswada baadaye. Riwaya zilizotahiniwa kwa mfuatano katika shule za upili, yaani Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, zote zimesimama katika uhalisia wa kijamii. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza pale ambapo mlango huo ndio mlango pekee, na hapo ndipo soko linapogusa sanaa yenyewe. Ajabu inayotaka kupita hujivika vazi la fumbo la kisiasa au la maadili, kwa sababu fumbo linafundishika: lina maudhui ya kuorodheshwa, na mtahini aweza kuliundia swali.

Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ni kielelezo. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani. Anafaulu kukiongoza na kutua katika nchi ya Walenisi, ambayo jina lake likitenganishwa husomeka ‘wale ni sisi’. Mwanzo huu ni wa hadithi ya kisayansi hasa. Lakini chombo kikishatua, uzito wote unahamia kwenye mafunzo ya jamii yenye usawa, ambamo mwenyeji hueleza na mgeni husikiliza. Upweke wa mtu aliyening’inia kati ya nyota, ambao riwaya nzima ingeweza kujengwa juu yake, unaachwa nyuma. Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini 1986, alikuwa na sababu nzito za kusema aliyoyasema. Hata hivyo, angani hapakuhitajiwa kwa ajili ya anga. Palihitajiwa kama umbali wa kuikosoa nchi. Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila inathubutu zaidi, kwa kuwa safari ya kumtafuta P.P. haiishii katika fumbo lenye ufunguo mmoja. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed nayo inamwacha mfu abaki mfu, mwenye kutisha kweli, hata anapomsaili mjukuu wake K juu ya uchafu wa utawala.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kezilahabi, Mkangi, Mohamed na Wamitila wote walikuwa wahadhiri. Walikuwa na mshahara, walijulikana na wachapishaji, na waliweza kuihimili hasara ya kitabu kisichonunuliwa na shule. Utanzu unaoandikwa na watu wenye mshahara wa chuo peke yao hauwezi kuitwa utanzu ulioota mizizi.

Kijana asiye na nafasi hiyo ana milango michache. Tuzo ya Jomo Kenyatta hupokea vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, ilifungua mlango kwa miswada ambayo haijachapishwa, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini nayo hutaka mswada wa kitabu kizima. Hadithi moja ya maneno elfu tatu kuhusu jini aliyenaswa katika mtambo wa umeme ipelekwe wapi? Huko Dar es Salaam magazeti ya mitaani yamekuwa yakichapa hadithi za mfululizo zenye uchawi na majini, na wasomaji huzifuata. Vyuo vikuu haviziandikii uhakiki, na nyingi hupotea pamoja na karatasi zake.

Mwandishi huyo akijua Kiingereza, mambo hubadilika. Omenana, lililoanzishwa 2014 na Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu, hupokea hadithi fupi za kiajabu za Waafrika. Jalada, lenye makao Nairobi, lilitoa toleo zima juu ya mustakabali wa Afrika mwaka 2015. Ni Jalada hilo hilo lililoonyesha mwaka 2016 kwamba jambo laweza kufanywa kwa njia nyingine, lilipotoa hekaya ya Ngũgĩ wa Thiong’o juu ya jinsi binadamu alivyoanza kwenda wima, iliyoandikwa kwa Gĩkũyũ, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Samovar, lililoanza 2017, hushughulikia hadithi za kiajabu zilizotafsiriwa. Mwandishi wa Kiswahili anayeijua habari hiyo aweza kutafuta mfasiri. Asiyeijua hubaki na mswada wake. Habari zenyewe huchakaa haraka: mwezi Februari 2023 Clarkesworld la Marekani lilifunga mlango kwa muda baada ya kufurikwa na hadithi zilizotungwa na mashine.

Majarida ya idara za lugha yamekuwa yakichapa orodha za istilahi na tahakiki za vitabu vilivyokwisha kutoka. Ukurasa mmoja katika kila toleo ungeweza kueleza ni nani anayepokea miswada ya Kiswahili, ya urefu gani, kwa malipo gani, na hadi tarehe gani; na ukurasa wa pili ungeweza kuchapa hadithi fupi moja ya kiajabu, pamoja na jina la mji ambako mwandishi wake anaishi.