Mnyororo unaokubali kurudi, na shamba lisilorudisha kitu

Wandugu wa promo,

Tangu ile makala ya ETH Zürich ya 2022 ipite mu gurupu yetu, naona watu wanaandika "mapinduzi". Nimeisoma mara tatu, kamusi pembeni. Ni kazi nzuri sana, lakini siyo kwa sababu tunazoisifia.

Tuelewane kwanza. Metakrilate ni molekuli ndogo. Zikishikana zinakuwa mnyororo mrefu, ndiyo polima. Ile ya kawaida inatoa Plexiglas. Zingine zina ndoano pembeni: HEMA inapenda maji, na ndiyo Otto Wichterle alitengenezea lenzi laini za macho kule Chekoslovakia, mwaka 1961.

Kuzishikanisha kwa radikali ni sawa na bomba ya mtaa siku maji yanarudi. Kila mtu anasukuma na bidoni yake: mmoja anajaza kumi, mwingine anarudi mtupu. Minyororo inatoka mirefu na mifupi, na radikali mbili zikikutana zinazimana. Njia ya RAFT, iliyotangazwa na watu wa CSIRO, Australia, mwaka 1998, inaleta foleni. Molekuli yenye salfa inalaza minyororo kwa zamu: unaongeza kidogo, unalala, unapisha mwenzako. Mwishoni bidoni zinakaribia kulingana, na karibu kila mnyororo unabaki na ile salfa mkiani.

Hapo ndipo Zürich walionyesha akili. Mkia uliojenga mnyororo, wakautumia kuubomoa: kwa 120 °C, ndani ya kiyeyusho kingi, bila kichocheo, walirudisha hadi 92% ya metakrilate za mwanzo. Plexiglas ya kawaida inataka zaidi ya 300 °C.

Shida ni mahali sisi tunaipeleka. Mmoja wetu aliandika kwamba polima kama hizi zitashika maji mu udongo wetu wa volkano na kufunika mbolea ili itoke polepole. Haya, tuzimwage shambani Rutshuru. Nani atazikusanya? Udongo hauna 120 °C. Uti wa mgongo wa mnyororo ni kaboni kwa kaboni, vijidudu vinapata kazi kuukata. Makala haikuahidi shamba. Ni sisi tuliongeza. Ulaya wenyewe, kwa sheria 2019/1009, waliweka sharti kwamba polima za kufunika mbolea ziwe za kuoza. Zitakazokataliwa kule zitatafuta soko wapi?

Angalieni Ruzizi, vile plastiki inaziba barraji na umeme unakatika. Ile siyo metakrilate, najua. Lakini ugonjwa ni mmoja: kitu kimetengenezwa bila kuuliza kitaishia wapi.

Tena kosa siyo letu peke yetu. Mimi polima nilizisoma ubaoni, nusu ukurasa wa silabasi. Nikakariri, nikapata 14 kwa 20, bila kushika hata tyubu moja. Mtu aliyefundishwa hivyo anaamini kichwa cha habari, juu hajazoea kuuliza: joto gani? Kiyeyusho gani? Kiasi gani?

Hukumu yangu: kama kemia, 18 kwa 20. Kama dawa ya mashamba yetu, bado haijakaa mtihani. Mboji nayo ni minyororo mirefu, inashika maji, na inaoza bila kuomba ruhusa. Atakayetuletea polima nyingine Goma, aanze kutuonyesha mwisho wake.

Ninyi munaonaje?