Ukungu Ulioondolewa

Mnamo Oktoba 2021 kampuni ya Nintendo iliwafungulia wateja wanaolipia huduma yake ya ziada mlango wa kucheza gemu za Nintendo 64, mtambo uliotoka mwaka 1996, kwenye mtambo wake wa siku hizo uitwao Switch. Miongoni mwa gemu hizo ilikuwamo The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998, ambayo wengi wanaoyafahamu mambo haya huihesabu katika kazi bora kabisa za sanaa hii changa. Ndani yake mna hekalu la maji, na ndani ya hekalu hilo mna chumba kimoja ambacho aliyewahi kukiingia hakisahau. Mchezaji hufungua mlango akajikuta hayumo chumbani hata kidogo, bali amesimama juu ya maji ya kina kifupi yasiyo na ukingo. Ukungu umetanda pande zote. Katikati pana kisiwa kidogo chenye mti mmoja mkavu. Chini ya miguu ya shujaa kuna taswira yake majini, inamfuata hatua kwa hatua. Anavuka hadi mlango wa upande wa pili, anaukuta umefungwa, na anapogeuka kurudi, taswira ile haimo tena majini. Imesimama pale mtini, nyeusi tii, inamngoja.

Sasa, katika toleo hilo la 2021 ukungu haukuwamo. Mchezaji alifungua mlango akaona kuta nne. Maji nayo hayakuonekana kama maji yale ya zamani, na taswira ya shujaa haikukaa ndani yake ilivyopasa. Kila kitu kingine kilikuwapo, yaani mti, kisiwa, mlango uliofungwa na yule adui mweusi. Hakuna aliyefuta neno wala kubadili kanuni yoyote ya mchezo. Lakini chumba kile kilikuwa kimekufa, kwa sababu hofu yake yote ilitokana na kutojua mwisho wake uko wapi, na mwisho wake sasa ulikuwa wazi machoni. Mafundi wa kampuni walikirekebisha mwanzoni mwa 2022.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi, hata wahakiki, hulipa jambo la namna hii jina la hitilafu ya picha na kuwaachia mafundi. Mimi naona ni suala la uhakiki kwanza, na la ufundi baadaye. Mtu akichapa upya riwaya akadondosha sura moja, hatusemi kwamba kiwanda cha uchapaji kimepata hitilafu, tukaishia hapo. Tunasema riwaya ile si riwaya tena.

Hebu tuangalie kwa nini mambo hutokea hivyo. Gemu ya zamani haikuandikwa kwa ajili ya mitambo yote duniani. Iliandikwa kwa mtambo mmoja, na waandishi wake waliujua mtambo huo kama mvuvi anavyojua mwamba wa kwao: wapi pana kina, wapi chombo kitapasuka. Mtambo mpya haufahamu lugha ya ule wa kwanza, kwa hiyo huwekwa programu katikati, mfano wa mkalimani, inayosoma maagizo ya zamani na kuyatamka upya. Mkalimani huyo hufanya kazi vizuri pale ambapo mwandishi alitumia lugha ya kawaida. Hukwama pale mwandishi alipotumia mzaha, fumbo au hila. Bahati mbaya ni kwamba mahali penye hila aghalabu ndipo penye sanaa.

Chukua mtambo wa PlayStation 2, uliotoka mwaka 2000. Sehemu yake ya kuchorea picha ilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, megabaiti 4 tu, lakini kasi ya kuisoma na kuiandika ilikuwa kubwa mno kwa zama zile. Waundaji wa gemu walikwisha kugundua kwamba wanaweza kutandaza tabaka juu ya tabaka za moshi, vumbi, mvua na mwanga bila mtambo kuchoka. Mtambo wa PlayStation 3, uliotoka Novemba 2006, ulikuwa na nguvu nyingi zaidi kwa hesabu ya jumla, lakini haukujengwa kwa mtindo huo. Kampuni ya Sony ililijua hili, ndiyo maana mitambo ya kwanza ya PlayStation 3 ilibeba ndani yake vipande vyenyewe vya PlayStation 2. Ilipofika Ulaya Machi 2007 kipande kimoja kilikuwa kimeondolewa, na kabla mwaka haujaisha ilitolewa mitambo isiyocheza diski za PlayStation 2 kabisa. Gharama iliamua. Microsoft kwa upande wake iliuza Xbox 360 mwaka 2005 ikiwa na mkalimani wa programu tu, pamoja na orodha ya gemu zinazokubalika, na orodha hiyo ilikoma kuongezwa 2007.

Upande mwingine wa habari ni kioo. Televisheni za zamani, hizi tunazoziita za chogo, hazikuonyesha nukta za picha zikiwa na kingo kali. Mistari iliingiliana kidogo, rangi zikachuruzikiana. Wachoraji wa enzi hizo walichora wakijua hivyo. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 yalichorwa kwa mistari ya wima, mmoja wenye rangi, mwingine mtupu. Waya wa kawaida wa televisheni uliichanganya mistari hiyo, jicho likaona maji yanayopenya mwanga. Ukiunganisha mchezo ule ule na kioo cha siku hizi unaona ua la makuti lililopakwa buluu.

Mtaani kwetu yupo kijana mwenye kibanda cha gemu. Alikuwa na televisheni mbili za chogo na PlayStation 2 mbili, na watoto walilipa kwa mechi. Alipopata fedha akanunua televisheni bapa, kubwa, akaitundika ukutani, naye alitarajia wateja waongezeke. Nilipopita jioni moja nikakuta foleni iko kwenye lile chogo lililobaki. Nikamwuliza kulikoni. "Shikamoo mzee," akasema, "hii kubwa inanitia hasara. Wanasema ukibonyeza pasi, pasi inachelewa. Halafu wachezaji wamekuwa wanene." Walikuwa wanene kweli. Picha iliyochorwa kwa kioo kinachokaribia mraba ilikuwa imevutwa kujaza kioo kirefu, na mpira ulikuwa umekuwa yai. Unene huo rimoti iliweza kuuponya. Kuchelewa kwa pasi hakukuwa na dawa ya rimoti: televisheni bapa hupokea picha ya zamani ikiwa nusu nusu, mistari ya witiri kisha ya shufwa, ikalazimika kuiunganisha na kuikuza kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula sehemu ya sekunde. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari si kitu. Kwa mtoto aliyeweka shilingi zake kwenye mkwaju wa penalti ni kitu kikubwa sana.

Msomaji atasema, basi mzee huyu anataka turudi kwenye chogo. La hasha. Televisheni ile ilikuwa nzito, ilikula umeme, na picha yake ilichosha macho. Tena si kila kasoro ya zamani ni sanaa. Katika PlayStation ya kwanza kuta hutetemeka na sakafu hupinda unapotembea, kwa sababu mtambo haukuweza kukokotoa sawasawa umbali wa picha zinazobandikwa juu ya maumbo. Wapo siku hizi wanaoulilia mtetemo huo. Mimi siulilii. Sioni kwamba mtu yeyote aliukusudia, na ukiondolewa sioni ulichoondoka nacho. Vivyo hivyo kuhusu kasi: sisi tuliorithi mfumo wa televisheni wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, na wenzetu wa Ulaya, gemu nyingi zilitufikia zikienda polepole kwa kiasi cha asilimia 17 kuliko zilivyotungwa Japani, wenye picha 60. Ule haukuwa uamuzi wa mtunzi, ulikuwa uvivu wa msambazaji. Ndiyo maana ilistaajabisha sana mwaka 2018 Sony ilipotoa kisanduku kidogo cha PlayStation Classic chenye gemu 20, na hata katika toleo la Marekani, gemu 9, Tekken 3 ikiwamo, zikawa ni zile za Ulaya za picha 50. Walikuwa na nakala zote mbili, wakachagua mbaya.

Kwa hiyo kipimo changu si uzee wa picha wala usafi wake. Nauliza: kilichobadilika kilikuwa kinafanya kazi gani? Ukiniambia kilikuwa hakifanyi kazi, kibadilishe. Mwaka 2019 ilitolewa upya Final Fantasy VIII, gemu ya 1999. Wahusika walichorwa upya, nyuso zao safi, nywele zinahesabika. Lakini mandhari nyuma yao yalikuwa picha zilizokwisha kuchorwa tangu awali kwa kioo cha zamani, na hayo yaliachwa na ukungu wake, kama picha iliyokuzwa kupita kiasi. Zamani mhusika na chumba vilikuwa na ufifi mmoja, na jicho likaamini kwamba huyu anaishi humu. Sasa anaonekana amekatwa kwa mkasi akabandikwa. Wengine waliisifu kazi hiyo kwa uzuri wa nyuso. Mimi naona afadhali vyote vingeachwa vilivyokuwa.

Tatizo hili si geni kwetu sisi wa lugha ya Kiswahili. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati ile kwa kawaida haikutofautisha i na e, wala u na o, na herufi moja iliweza kusimama badala ya b, p au mb. Msomaji wa zamani aliijua lugha ya kishairi, akajaza mwenyewe. Walipokuja kuzihamishia katika hati za Kirumi, wahariri walilazimika kuchagua, na kila walipochagua walifunga mlango mmoja. Msomaji wa leo huona neno moja safi, hajui kwamba chini yake palikuwa na mawili. Mhariri mwema huweka chini ya ukurasa namna nyingine za kusoma. Mhariri mbaya hunyamaza, tena hutuuzia kitabu kikiwa na karatasi nzuri.

Kuna waliojaribu kufanya kama mhariri mwema. Mwaka 2011 Microsoft ilitoa upya Halo: Combat Evolved, gemu ya 2001, na ndani yake iliwekwa kitufe: unakibonyeza, picha mpya inatoweka na ya zamani inarudi papo hapo. Wazo zuri mno. Ila ile iliyoitwa picha ya zamani haikuchukuliwa kutoka Xbox ya 2001. Ilichukuliwa kutoka toleo la kompyuta la mwaka 2003, ambalo lilikuwa limekwisha kupoteza mambo kadhaa ya mwanga na mikwaruzo ya vyuma. Kwa muda wa miaka 10 watu walibonyeza kitufe wakiamini wanatazama asili, kumbe wanatazama nakala iliyochakaa. Waliogundua ni wapenzi wa gemu waliokuwa bado na mitambo yao ya kwanza, wakaweka picha mbili bega kwa bega, na mwaka 2021 mambo hayo yakaanza kurudishwa, wapenzi hao wakishiriki. Mitambo ile ingekwisha kutupwa yote, asili ingekuwa ni kile kilichosemwa kuwa asili.

Na kisa kibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha Silent Hill. Katika gemu ya kwanza ya mwaka 1999 mji mzima umefunikwa na ukungu kwa sababu PlayStation haikuweza kuchora barabara ndefu. Watunzi waliufanya udhaifu huo kuwa kitisho: unasikia kitu kinakuja na hukioni. Silent Hill 2 ya mwaka 2001 ilichezwa kwenye mtambo wenye nguvu zaidi, ukungu ukabaki kwa hiari, mzito, wenye kusogea, ndiyo roho ya hadithi ya mtu anayekataa kukiona alichokifanya. Mwaka 2012 Konami iliitoa upya kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Waliopewa kazi hawakupata maandishi ya mwisho ya programu, kwa kuwa hayakuwa yamehifadhiwa. Walikabidhiwa yale ya kabla ya kukamilika. Ukungu ukatoka mwepesi. Mahali palipokuwa na ziwa lisiloonekana mwisho, mchezaji aliona maji yamekatwa kwa mstari, na baada ya mstari hakuna kitu.

Wa PlayStation 3 walitolewa marekebisho, japo hayakutibu yote. Mnamo Agosti 2012 Konami ilitangaza kwamba ya Xbox 360 hayatatoka. Baadaye toleo hilo hilo la Xbox 360 likaruhusiwa kuchezwa kwenye Xbox One, kwa mkalimani mwingine, hodari kuliko wote waliotangulia. Huyu hakosei. Ukifika ziwani unauona ule mstari pale pale ulipokuwa 2012.