Uhakiki wa Kanuni ya 2ⁿ: Mfano wa Ganda la Korosho

Kanuni kwamba molekuli yenye bondi maradufu n ina isoma za kijiometri 2ⁿ hukaririwa kana kwamba haina masharti. Korosho, zao kuu la Masasi na Newala, inaipinga. Katika mafuta ya ganda lake, yale yanayounguza vidole vya wabanguaji, mna asidi ya anakadiki yenye mkia wa kaboni 15 na bondi maradufu tatu, zinazoanzia kaboni ya 8, 11 na 14. Anayekariri atajibu 8. Lakini kaboni ya 15, iliyo nchani, ina hidrojeni mbili zilizo sawa. Kuzibadilishana hakuzai umbo jipya. Zinabaki isoma 4, na mkorosho huunda hasa moja: ile ambayo mnyororo hubaki upande mmoja katika bondi zote mbili zilizosalia.