Sifa za Mikono Isiyo na Pupa

Maumivu ya shingo yakivuka miezi 3, wataalamu huyaita sugu. Kufikia hapo mwenye nayo amekwishajaribu mengi: vidonge, mto mpya, mafuta ya kuchua, hata kinyozi aliyemaliza kumnyoa akamshika kidevu na kuizungusha shingo mpaka ikalia. Anapofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia hutarajia nguvu zaidi. Anakuta maswali.

Je, mikono inakufa ganzi? Unaona kizunguzungu? Vitu unaviona viwili viwili? Kumeza au kusema kunakupa shida? Miguu inakosa nguvu? Maswali haya yana uzito. Mishipa miwili ya damu inayokwenda ubongoni hupanda kupitia matundu ya pingili za shingo. Fundi wa kweli akisikia jibu la kutisha, haigusi shingo ile. Humpeleka mgonjwa kwa daktari. Mimi nauhesabu ustadi wake kuanzia hapo.

Shingo ina pingili 7, na zile 2 za juu kabisa ndizo zifanyazo karibu nusu ya kazi ya kugeuza kichwa. Kwa hiyo, majibu yakiwa salama, vidole gumba vya fundi hupita pingili moja baada ya nyingine, polepole, vikitafuta ipi ni ngumu na msuli upi unajikaza kujilinda. Geoffrey Maitland wa Australia, ambaye kitabu chake kuhusu tiba hii ya mikono kilitoka mwaka 1964, aliipanga miondoko ya mikono kwa madaraja. Daraja la 1 ni mtikiso mdogo mno mwanzoni mwa mwendo wa kiungo, mbali na ugumu wenyewe. La 4 nalo ni dogo, ila hufanyika mwisho kabisa, pale kiungo kinapokataa. Kwa macho tu mtu aweza asione tofauti; mgonjwa huiona mara moja. Akikunja uso, fundi hushuka daraja bila kuambiwa. Kipimo hicho hakisomwi kikaisha. Huja kwa kugusa shingo nyingi, chini ya jicho la aliyetangulia.

Zamani iliaminika kwamba mikono hurudisha pingili iliyohama. Siku hizi maelezo yenye mashiko zaidi ni kwamba mguso na mwendo huutuliza mfumo wa neva, maumivu yakapungua kwa muda. Kwa muda, nasisitiza, na fundi mwaminifu halifichi hilo. Huitumia nafuu hiyo kumfundisha mgonjwa kulala chali na kuinamisha kidevu taratibu, kama anayeitikia "ndiyo," ili misuli ya ndani iliyo mbele ya shingo irudishe nguvu. Kazi ya mikono ikiambatana na mazoezi huzaa matunda kuliko mikono peke yake. Namheshimu sana fundi anayejitahidi usimhitaji tena.

Basi, ndugu msomaji, ukikandwa ukapata nafuu, usiondoke upesi. Muulize zoezi la kufanya nyumbani, ulifanye mbele yake, akusahihishe.